Nilivyoifuatilia manowari Petard kutoka msafara wa Kilindini

Kaka yake bibi yangu alikuwa mpiga mizinga wa Afrika Mashariki, na alizama na meli Khedive Ismail Februari 1944. Hilo nyumbani kila mtu alilijua. Mimi nilitaka kujua waliopewa kazi ya kuwalinda walikuwa nani, na walifanya nini siku ile.

Nilipotafuta kwa jina la meli iliyozama nilipata majina ya marehemu, basi. Mambo yalifunguka nilipoanza kutafuta kwa namba ya msafara, KR 8. Ukishaipata hiyo, unajua nani alikuwa na nani. Meli tano za askari ziliondoka Kilindini tarehe 5 Februari kwenda Colombo, na zilipopigwa walinzi wao walikuwa manowari za Waingereza: Hawkins, Paladin na Petard.

Nikaing'ang'ania Petard. Nilipiga mistari kwenye daftari: tarehe, mahali, msafara, tukio. Mwaka 1942 ulijaa upesi, maana waandishi wanaupenda. Tarehe 30 Oktoba, nje ya Port Said, Petard na wenzake waliibana nyambizi ya Kijerumani U-559 mpaka ikaibuka. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani, wakawa wanampokeza vitabu vya siri kijana wa kantini, Tommy Brown, miaka 16. Nyambizi ilizama nao wawili, Brown akapona. Vitabu hivyo viliwawezesha wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua maandishi ya siri, kusoma tena mawasiliano ya nyambizi za Kijerumani za Atlantiki. Desemba ikafuata kuzamishwa kwa Uarsciek, nyambizi ya Waitaliano.

Tarehe 12 Februari 1944 haikutosha mstari mmoja. Niliupasua ukurasa katikati: kushoto taarifa za manowari, kulia maelezo ya walionusurika, nikayapanga kwa saa. Kushoto, nyambizi ya Kijapani I-27 inapiga alasiri karibu na Maldivi, Khedive Ismail inazama kwa dakika zipatazo mbili, walinzi wanaanza msako. Kulia, watu wako majini, wameshika mbao, wanaiona Petard inawajia wakidhani inakuja kuwaokoa. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Petard ikaangusha mabomu yake ya kulipukia chini ya maji.

Watu wapatao 1,300 walikufa, kati ya 1,500 na ushee. Wangapi waliuawa na bahari na wangapi na mabomu, ukurasa wangu hautenganishi. Simlaumu nahodha: meli nne nyingine zilikuwa zimejaa watu. Ninachokataa ni ile tabia ya kuiandika siku hiyo kwenye orodha ya ushindi, eti Petard ndiyo pekee iliyozamisha nyambizi za Wajerumani, Waitaliano na Wajapani, kisha mwandishi anafungua aya nyingine.

Ukitaka kujaribu, usianze na wasifu wa meli. Anza na msafara, kisha majina yaliyochongwa. Ya wapiga mizinga wetu yako kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Wasifu uje mwisho, kujazia mapengo.

I-27 ilizamishwa na torpedo (bomu linalokwenda lenyewe majini) ya saba ya Petard, sita za kwanza zilikosa. Petard yenyewe ilivunjwa chuma chakavu Uskoti mwaka 1967. Sasa niko kwa Paladin, iliyotaka kuigonga nyambizi ile ikaishia kupasuliwa ubavu.