Siku yangu moja, mwezi ukiwa mpevu

Saa kumi alfajiri. Kabla sijawasha taa nachungulia dirishani. Mwezi umejaa, uwanja wote mweupe. Nasema "haya" peke yangu, maana najua kinachonisubiri Feri, soko la samaki la Dar es Salaam ninakonunua samaki wa kukaanga. Vibua na dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Samaki wanaufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haina kazi. Maboti mengi hayatoki, na yaliyotoka yanarudi na kidogo.

Saa kumi na moja na nusu nipo mnadani. Dalali amesimama juu ya kreti, sauti ishamkauka. Ndoo ndogo ya vibua niliyoichukua kwa 45,000 wiki iliyopita, leo inaanzia 60,000. Wenye hoteli wanapandisha bila hata kuinama kuangalia. Mimi nainama. Nafunua shavu: jekundu. Jicho halijazama, tumbo nikilibonyeza linarudi. Nikaichukua kwa 68,000.

"Mama Zai, leo umenibana," dalali ananiambia. Yeye ndiye kabanwa!

Saa moja nawapeleka samaki wangu kwa vijana wa kuparua magamba, kisha nagombana na kondakta. Anataka ndoo ilipe siti. Nalipa. Gari lote hadi Mbagala wanaziba pua, ila jioni wengine wao watanunua.

Saa nne nakata mikato mitatu kila ubavu, chumvi, ndimu, pilipili manga kidogo. Watu wengi wanakosea hapa: wanatumbukiza samaki akiwa bado anachuruzika maji, mafuta yanaruka, ngozi inabaki kwenye karai. Mimi nawatandaza kwenye ungo mpaka wakauke. Upande mmoja ukishika ndipo nageuza, mara moja tu.

Saa saba anakuja kijana wa marejesho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Rejesho?"

Adabu anayo. 30,000 kila Alhamisi, na ukichelewa kuna faini. Mikopo hii tunaiita kausha damu, na jina halijatiwa chumvi. Wakati wa giza nailipa nikicheka. Mwezi ukijaa, nailipa kwa hela ya kesho ya mnadani. Nilimwuliza siku moja kama naweza kulipa 45,000 wiki za giza na 15,000 wiki za mbalamwezi. Alicheka kwa heshima, akasema mfumo haukubali.

Saa tisa nakutana na wenzangu wanne chini ya mwembe. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Sisi wanawake tunapewa kwa vikundi, na ugumu uko hapo. Katiba tumeshaandika, lakini mmoja wetu aliwahi kukimbia na hela ya upatu ya kikundi kingine, na nani atamdhamini? Tumebishana saa nzima. Mimi nimesema abaki, maana ndiye pekee anayejua kuandika hesabu. Wengine hawajaniangalia vizuri. Ila sote tumekubaliana jambo moja: hela ikitoka, tununue friji la barafu la pamoja. Giza likileta samaki wengi, tuhifadhi, tusiuze kwa hasara. Mtaji wa kununulia kila mtu anautaja. Barafu hakuna anayeitaja.

Saa kumi na mbili na nusu meza iko barabarani. Kibua 1,500. Nimetaka 2,000, mteja wa kwanza akageuka, nikamrudisha kwa 1,500. Fundi wa pikipiki kachukua watatu kwa daftari.

Saa tatu na nusu nahesabu. Mauzo 84,000, ya daftari 6,000. Nikitoa samaki, mafuta, mkaa na nauli, leo nimefanya kazi ya bure, na rejesho nimelitoa mfukoni.

Zai anakusanya sahani.

"Mama, zima taa, luku inaisha. Mwezi unatosha."

Nikazima.