Mshono kwenye doti

Jumamosi nilikuwa Kariakoo dukani kwa mama mkubwa, namsaidia kupanga mzigo mpya wa kanga. Katikati ya marobota akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kompyuta unayokesha nayo kule Sinza, hasa unatafuta nini ndani yake?" Nilishamjibu mara nyingi kwamba natafuta saratani, na kila mara alibaki ananitazama tu. Safari hii nilichukua doti ambayo haijakatwa, nikamnyooshea ncha zake mbili.

"Mama mkubwa, tuseme upande huu ni kanga nyekundu ya jora hili, na upande huu ni ya kijani ya jora lile. Doti ni moja, haijakatwa. Utasemaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kuna mtu kashona."

Basi kazi yangu ndiyo hiyo, kutafuta mishono. Seli zetu zina kromosomu 46, yaani nyuzi za DNA, maandishi ya urithi, na katika seli ya saratani kromosomu hizo hukatika na kuungwa ovyo: kipande cha hii kinahamia ile, kingine kinageuzwa kichwa chini, kingine kinapotea, kingine kinarudiwa mara nyingi. Mashine tunazotumia zaidi hazisomi kromosomu nzima kwa mkupuo. DNA huvunjwavunjwa vipande vya herufi mia chache, kisha mashine husoma herufi kama 150 za kila ncha, na kompyuta hutafuta kila ncha inakaa wapi kwenye ramani ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yetu yote, yenye herufi takriban bilioni 3. Ncha mbili za kipande kimoja zinapaswa kukaa jirani. Moja ikiangukia kromosomu ya 8 na mwenzake ya 14, hapo kuna la kuuliza. Wakati mwingine mshono wenyewe unapita ndani ya herufi zilizosomwa, kama kanga ambayo nusu ya jina lake ni la kanga nyingine, nawe unajua mahali pa mkato herufi kwa herufi. Programu kama DELLY, iliyotoka 2012, hutumia ushahidi wa aina zote mbili.

Kromosomu ya 8 na ya 14 sikuzitaja kwa kubahatisha. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaoshika watoto wa ukanda wetu. Leo tunauita limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu. Kwa wengi wao kromosomu ya 8 imekatika ikaungwa na ya 14, na jeni ya MYC, inayohimiza seli kugawanyika, ikajikuta jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli hizo huwa zimewashwa muda wote. Linalonigusa ni hili: kwa watoto wa Afrika mkato mara nyingi uko mbali na MYC, hata herufi laki moja na zaidi kabla ya jeni yenyewe, ilhali kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani mara nyingi uko ndani ya jeni au karibu nayo kabisa. Kipimo kinachosoma jeni hiyo na pembezoni kidogo kitamwambia mtoto wa hapa kwamba mshono haupo. Ndiyo maana nang'ang'ania tusome jenomu nzima, pamoja na gharama zake.

Kinachonikesha hasa ni mishono ya uongo. Karibu nusu ya jenomu ni maandishi yanayojirudia. Ncha ikitoka huko, kompyuta haijui iipeleke wapi. Maabarani nako vipande viwili visivyojuana huweza kugandana wakati sampuli inaandaliwa. Na kuna mishono ya kweli kabisa ambayo haina uhusiano na saratani, kwa sababu mgonjwa alizaliwa nayo.

Hiyo ya mwisho niliielewa vizuri nilipojifunzia kwa COLO829, seli za melanoma, saratani ya ngozi, zinazokuzwa maabara, zenye seli za damu za mgonjwa yuleyule pembeni kwa kulinganisha. Mwaka 2022 watafiti walitoa orodha ya mishono 68 iliyothibitishwa katika seli hizo, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujisahihisha. Kompyuta yangu haina ubavu wa faili hizo, nikawa natuma amri kwenye seva ya mbali kwa kifurushi cha usiku. Mara ya kwanza niliendesha uvimbe peke yake: maelfu ya mishono. Mara ya pili nikaweka na damu, nikafuta kila kilichoonekana pande zote mbili. Orodha ikashuka hadi mtu akaweza kuipitia kwa macho, mmoja mmoja, nami nikaipitia.

Sasa mfikirie mgonjwa wa Temeke. Ramani tunayolinganishia, karibu asilimia 70 yake ilitoka kwa mtu mmoja. Utafiti wa 2019 kwa watu 910 wenye asili ya Afrika ulikuta herufi karibu milioni 300 ambazo hazimo kabisa kwenye ramani hiyo. Bila damu yake, alichorithi mgonjwa huyu kwa bibi yake kitasomeka kama saratani.

Mwaka jana nilipokea sampuli za uvimbe kutoka hospitali moja, zimehifadhiwa vizuri, zimeandikwa vizuri, bila hata tone la damu ya wagonjwa. Wawili walikuwa wameshafariki. Mishono niliyoiona mle bado iko kwenye faili, na siwezi kuandika popote kwamba ni ya saratani. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kama unafanya kazi wodini au chumba cha upasuaji hapa mjini, na mna mradi wa kusoma jenomu, nakuomba: siku mnayokata kinyama cha uvimbe, chukueni na mililita chache za damu, kwenye kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Namba ileile ya mgonjwa, na damu itajwe kwenye fomu ileile ya ridhaa. Viingie kwenye friza pamoja.