Hesabu ya Babu

Juzi nilishuka Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, kutafuta mshare wa mtori. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nyuma ya mabanda kulikuwa na rundo la maganda na ndizi zilizopondeka, limeanza kuchachuka, linatoa ukali fulani wenye utamu kwa mbali. Nikasimama. Muuzaji akadhani bei imenishinda, akapunguza elfu mbili bila kuombwa. Sikumwambia kwamba muda huo sikuwa Mabibo tena. Nilikuwa Kilema, kwetu mlimani Kilimanjaro, Desemba ya 2001, kando ya shimo la maganda ya kahawa, nyuma ya ile mashine ya kumenyea yenye mkono wa chuma uliowahi kuning'oa jino.

Habari za jino nilishaziandika. Bibi nimemwandika mpaka mmemchoka. Babu nimekuwa nikimkwepa, na leo nitajaribu.

Mwaka ule tulipanda basi kwenda kwa Krismasi kama kila mwaka, tumebanana na magunia ya mchele na redio mpya ya Babu. Ila Baba alikuwa na daftari. Baba ni mhasibu, mtu wa kupiga mstari kwa rula hata chini ya orodha ya sokoni, na usiku wa tarehe 26, mbuzi akiwa ameshaliwa na mbege imebaki machicha, alilifungua mbele ya Babu. Upande mmoja mrututu wa kuzuia kuvu, dawa ya wadudu, vibarua wa kuchuma, debe kwa debe. Upande wa pili, malipo. Malipo ya kwanza yalikuwa madogo, na ya pili ni yale ambayo kila mtu mlimani alikuwa akiyasubiri kama mvua ya Januari.

Hakuwa anadanganya. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika 1989 na bei ikaporomoka. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa katikati ya miaka ya tisini, wakapita na mizani zao. Kufika 2001 kahawa duniani ilikuwa imeanguka bei kuliko wakati wowote ambao Baba aliweza kuukumbuka. Majirani walikuwa wameshaanza kung'oa usiku usiku, maana tulikuwa tukiambiwa kwamba kung'oa kahawa ni kosa la kupelekwa mbele ya sheria. Kaka alikuwa anaingia kidato cha tano. Baba akasema, kwa adabu zote, ya kwamba asubuhi angeleta vijana wawili, kihamba chote, yaani shamba letu la ukoo, kisafishwe, tupande nyanya. Nyanya zinapanda lori jioni, kesho zipo Dar.

Babu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Umemaliza?" Akaomba chumvi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, ule wa mlimani unaoshuka mpaka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, na kukaa hapo kama mgeni asiyeaga. Vijana wa kibarua walikuwa wameshafika, shoka moja, sururu moja. Baba amevaa viatu vya kazini, kwa sababu hakuwa na vingine, na daftari liko kwapani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na kazi yangu ilikuwa kubeba birika la chai.

Babu akatoka. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, jeusi, juu ya suruali ya shambani na mabuti ya mpira. Hakutuangalia. Akaenda moja kwa moja hadi mpakani, yaliko masale, akasimama akiyachagua. Alichagua kwa muda mrefu. Alishika jani moja akaliacha, akashika lingine, akaligeuza upande wa chini kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akachuma. Niliusikia mlio wake, mdogo tu, kama kidole kinapoalika. Akalifunga fundo katikati. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, kwa hiyo fundo halikuja mara ya kwanza wala ya pili, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Maji ya ukungu yalikuwa yakidondoka kwenye ncha ya jani yakiangukia buti lake la kushoto.

Wa kwetu mmeshaelewa. Kwa wengine niseme: isale ndilo jani letu la mpaka na ndilo jani letu la msamaha. Ukimkosea mtu, hata kwa kosa kubwa, ukamletea isale lililofungwa, halikataliwi. Na hupelekwa na aliyekosa kwa aliyekosewa. Mdogo humpelekea mkubwa, mwana humpelekea baba. Sikuwahi kusikia, kabla ya siku ile wala baada yake, baba akimpelekea mwanawe.

Babu akaja nalo akiwa amelishika kwa mikono miwili. Yule kijana mwenye shoka alikuwa ameshaliinua. Alipoliona lile jani akalishusha shoka polepole, akalificha nyuma ya mguu. Bibi alitokeza mlangoni mwa jiko, akaona, akarudi ndani. Baba alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Nilimwona anakuwa mtoto wa darasa la pili palepale, daftari limemponyoka limeangukia topeni, naye hakuinama kuliokota.

"Baba, usinifanyie hivi," alisema.

Babu hakurudisha mikono. Alikuwa na miaka themanini na kitu, kwa hesabu yake mwenyewe iliyoanzia kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza, na mikono ilikuwa inatetemeka, sijui kwa baridi. Nilihesabu matone kwenye buti. Kwenye tone la tisa au la kumi Baba alilipokea.

Laiti ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia msibani.

"Sikuombi uziache zote," Babu akasema, na sauti ilikuwa imesharudi kuwa yake. "Nilizopanda mimi, kata. Ni zangu, nimekuruhusu. Za baba yangu niachie."

"Za Meku ni zipi?"

"Njoo nikuonyeshe."

Meku ndiye baba yake Babu, na habari zake tulizijua kama Baba Yetu. Alikuwa kati ya watu wa mwanzo mtaani kwetu kupanda kahawa yake mwenyewe, kwenye kihamba chake, katikati ya migomba. Miche aliipata kwa mapadre wa Kilema, walioileta kahawa mlimani kwetu karne ya kumi na tisa ikiwa ukingoni. Miche sitini, alibeba kwenye kapu la majani ya mgomba. Jua likaua mingine, fuko wakala mizizi, ikasalia ishirini. Ishirini. Kila Krismasi Babu aliisema ile namba akiinua vidole vyote, mikono miwili, mara mbili.

Wa kwanza ulikuwa chini ya mringaringa, shina nene kama paja, limekatwa na kuchipua mara nyingi mpaka linafanana na ngumi. "Huu ulikuwa hapa Dundas akiwa bwana shauri Moshi," Babu alisema, akiugonga kwa fimbo. "Wazungu wenye mashamba walilalamika. Mchagga asilime kahawa, ataleta wadudu, ataiba yetu. Baba alisema wadudu hawasomi mpaka." Kijana mmoja akaufunga ukanda wa mgomba mkavu, alama ya kuachwa.

Wa tano, au wa sita, ulikuwa wa 1925, Joseph Merinyo na wenzake walipoanzisha chama cha wakulima weusi wa Kilimanjaro ili wapulizie dawa pamoja na kuuza pamoja. Meku aliingia. Wa kumi na ngapi ulikuwa wa 1933, chama kile kilipokufa na KNCU, chama kikuu cha ushirika, ikazaliwa, kahawa yote ikatakiwa kupita mlango mmoja. Uliofuata, 1937, mwaka watu walipokasirika wakavamia maghala.

"Na Meku alikuwa wapi?" nikauliza.

"Alikuwa hapa. Anapogolea."

"Siku nzima?" Baba akauliza.

"Mti ulikuwa mkubwa."

Tukaendelea. Mti wa ndoa ya shangazi mkubwa. Mti wa bati, kwa sababu ndio uliobeba sana mwaka ule wa hamsini na kitu nyumba ilipoezuliwa majani ikapigwa bati. Mti ambao Meku aliuegemea akivuta kiko siku aliyougua. Mimi nilikuwa nikihesabu kwa vidole kwenye mpini wa birika, na tulipovuka nikasema, bila ubaya wowote, "Babu, huu ni wa ishirini na moja."

Bibi, ambaye sijui alifika saa ngapi, alinifinya nyuma ya mkono. Alama ilikaa wiki.

Babu akaendelea kama hakusikia. Wa ishirini na tano. Wa thelathini. Kwenye mmoja, shina jembamba na lililonyooka kuliko mengine yote, Baba alishindwa kuvumilia. "Huu nilipanda mimi. Nilikuwa darasa la tatu. Mche niliupewa shuleni."

"Uliupanda kwenye shimo lake," Babu akasema.

Ukafungwa ukanda.

Tulipomaliza ilikuwa mchana na ukungu umeondoka. Baba aliliokota daftari, akapangusa tope, akaandika. Nilichungulia: 47. Hakuandika kitu kingine mbele ya namba ile, yeye ambaye hakuwahi kuacha tarakimu bila maelezo. Isale alikuwa bado amelishika mkono wa kushoto, limeshaanza kulegea.

Yaliyobaki ni mafupi. Mashina mengine, zaidi ya mia mbili, yaling'olewa kwa siku tatu na Bibi akapata kuni za mwaka mzima. Nyanya zilipandwa. Baka zikaja na masika, majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto, na kilichopakiwa lorini hakikulipa hata mbolea. Ada ya Kaka ilitokana na mkopo wa kazini. Babu alifariki 2004, tukamzika kihambani, hatua chache kutoka kwenye ule mringaringa, na siku ya kuchimba kaburi mashina mawili yenye ukanda uliooza yalibidi yaondolewe. Hakuna aliyesema yalikuwa ya nani.

Nimekuwa nikijiuliza mambo ambayo pengine hayaulizwi. Je, isale lililofuatiwa na uongo ni isale? Babu hakuwa mtu wa mzaha na yale majani; alishawahi kukataa kuyapunguza hata yalipofunika njia. Naweza kuamini kwamba alianza kwa kuomba kweli, ishirini tu, na kila alipougusa mti ulimpa wa pili wake, akashindwa kusimama. Au alikuwa ameipanga usiku, tangu pale alipoomba chumvi. Au kwake yote yalikuwa ya Meku, hata alilopanda Baba, na ile ishirini ndiyo iliyokuwa hadithi ya Krismasi. Siku nyingine namwona mzee aliyejidhalilisha mbele ya mwanawe kwa ajili ya miti michovu isiyojaza hata gunia. Siku nyingine namwona mfanyabiashara bora kuliko wote waliopita na mizani.

Sasa bei imepanda. Mnajua wenyewe kilichotokea kwenye kahawa miaka hii miwili mitatu. Kaka, yuleyule wa kidato cha tano, anazungumzia miche mipya ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, isiyoshikwa na ugonjwa wa chulebuni wala kutu ya majani, na wiki hii aliniuliza tuna nafasi ya mashina mangapi. Nikampigia Baba. Ana umri wa kukaribia ule wa Babu siku ile, na amehamia nyumbani kabisa, na mabuti anayo.

Alitaja nafasi, akapiga hesabu kichwani. Ndipo nikamwuliza.

"Baba, ile siku ya isale. Ulijua kwamba zilikuwa ishirini?"

Nilisikia jogoo kwake. Nilisikia mtu anapita akimsalimia, naye akamwitikia kwa Kichagga, kwa kirefu, akaulizia na ng'ombe.

"Ishirini zipi?" akasema.

Kisha akataka kujua mshare Mabibo unauzwaje siku hizi. Nikamtajia, pamoja na ile elfu mbili niliyopunguziwa. Akasema nimeibiwa.