Siku Moja Maishani Mwangu: Kuiwezesha Programu ya Video Kutii Vitufe vya Kibodi

Saa moja na nusu asubuhi. Kazi ya leo ni moja tu: programu ndogo ya kuchezea video, ambayo mimi na wenzangu tunaiandika kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa Linux, ianze kutii vitufe vya muziki vya kibodi hata pale dirisha lake linapofunikwa na dirisha jingine. Aliyeomba jambo hilo ni VJ mmoja wa hapa Arua, yaani mmoja wa wale wafasiri wa filamu ambao katika vibanda vya video vya Uganda hushika maikrofoni wakawaeleza watazamaji, kwa lugha yao, yale wanayosemezana waigizaji. Yeye hufasiri kwa Kiswahili, na siku hizi hurekodi. Dirisha lililo mbele yake ni la programu ya kurekodi sauti. Kila anapotaka filamu isimame ili amalizie utani wake, hulazimika kuhangaika na kipanya, na mlio wa kipanya huingia kwenye rekodi.

Saa mbili. Nakunywa chai huku nikisoma upya kanuni za MPRIS, ambazo mifumo ya eneokazi ya Linux, yaani ile inayosimamia madirisha na vitufe, ikiwemo GNOME na KDE, huzitumia kuzungumza na programu za muziki na video. Programu hujisajili kwenye D-Bus, njia ambayo programu za kompyuta moja hupelekeana ujumbe, kwa jina linaloanza na org.mpris.MediaPlayer2, kisha huweka wazi violesura viwili, yaani makundi ya amri na taarifa ambazo programu nyingine zinaweza kuzitumia: kimoja cha kujitambulisha, na kingine kiitwacho Player, chenye amri kama PlayPause, Next na Seek. Mtu akibonyeza kitufe, eneokazi ndilo hukipokea na kuituma amri inayofaa. Kwa sababu hiyo sikukubaliana na mwenzetu aliyetaka tuvinase vitufe moja kwa moja kutoka kwenye kibodi, kwani tungekuwa tunazipokonya programu nyingine, na chini ya Wayland, mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha, programu ya kawaida hairuhusiwi kufanya hivyo.

Saa tatu na nusu. Amri zenyewe zimekamilika, kwa kuwa kila moja inaita tu kazi iliyokuwamo tayari. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo programu nyingi huharibikia, maana kupokea amri ni nusu ya kazi. Nusu iliyo ngumu ni kutangaza hali. Mtumiaji akiisimamisha filamu ndani ya dirisha letu, nasi tusitume ishara ya PropertiesChanged kwamba PlaybackStatus sasa ni Paused, eneokazi litaendelea kuamini kwamba filamu inacheza. Ndiyo maana tangazo nimeliweka pale hali yenyewe inapobadilika, wala si kwenye kitufe, ili hata faili likifika mwisho bila kuguswa na mtu habari itoke.

Mahali ilipofikia filamu pana utaratibu wake. Position haitangazwi kila inaposogea, kwani njia ya ujumbe ingejaa kelele zisizo na faida. Eneokazi hupiga hesabu lenyewe kwa kufuata mwendo wa uchezaji, nasi hutuma ishara ya Seeked pale tu filamu inaporushwa mbele au nyuma.

Saa saba umeme unakatika. Betri ipo, kazi inaendelea.

Saa nane. Najaribu kwa filamu ya dakika 90, kisha naiuliza playerctl, programu ndogo ya kuzungumza na vichezaji kupitia MPRIS, urefu wake. Jibu ni 1105032704. MPRIS hupima muda kwa mikrosekunde, kwa hiyo jibu hilo ni dakika 18 na sekunde 25, ilhali nilitarajia 5400000000. Chanzo ni msimbo wa zamani uliohifadhi urefu katika namba ya biti 32, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya 2147483647, yaani dakika 35 na sekunde 47 hivi. Nyimbo zote tulizojaribia zilikuwa fupi kuliko hapo, na hitilafu ikajificha nyuma yake. Kanuni zinataka biti 64, na sasa zimewekwa. Katika pitapita hiyo narekebisha pia xesam:artist, sehemu ya jina la msanii, ambayo lazima iwe orodha hata kama msanii ni mmoja.

Saa kumi na moja jioni niko kwa VJ. Anafungua programu ya kurekodi, anaanza kufasiri, na kidole kinakwenda kwenye kitufe bila macho kukifuata.

“Imesimama, kaka,” anasema. “Na nikiwa nimesimama kule ukutani na maikrofoni?”

Namwekea KDE Connect, programu inayounganisha simu na kompyuta, kwenye simu na kwenye kompyuta. Programu yetu inajitokeza yenyewe kwenye simu, bila sisi kuongeza mstari hata mmoja, kwa sababu KDE Connect nayo huzungumza MPRIS.

Saa tatu usiku natuma mabadiliko kwa wenzangu wayakague. Kiolesura cha TrackList, cha orodha ya faili za kuchezwa, nimekiacha, kwa kuwa ni cha hiari na programu yetu haina orodha ndefu za kuonyesha. CanGoNext, inayoeleza kama kuna faili linalofuata, sasa hujibu hapana faili likiwa moja tu, hivyo eneokazi linakizima kitufe cha kwenda mbele badala ya kumwachia mtu abonyeze kitu kisichofanya lolote.