Noti Moja Iliyokuwa Ikivuma Sebuleni Kwangu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba sabufa yangu ilikuwa mbovu. Kila gitaa la besi lilipogusa fa ya chini kabisa, sebule nzima ilivuma, na noti hiyo iliendelea kusikika hata baada ya mpigaji kuiacha, ilhali noti zilizo jirani nayo zilipita bila tatizo. Kumbe spika haikuwa na kosa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde na sebule yangu ina urefu wa mita 4; ukigawanya 343 kwa mara mbili ya urefu huo unapata karibu hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, na fa hiyo iko pale pale, kwa tofauti isiyofika hezi moja. Katika masafa hayo wimbi huenda na kurudi kati ya kuta mbili likijiongezea nguvu, na kuta za matofali ya saruji, ambazo hazinyonyi besi kama zinavyonyonya kuta nyepesi za jipsamu, huliacha lidumu.

Nilinunua maikrofoni ya kupimia, UMIK-1, ambayo huja na faili lake la usahihisho linalofidia kasoro za maikrofoni yenyewe, nikaitumia pamoja na Room EQ Wizard, programu ya bure ya kupima sauti ya chumba iliyotengenezwa na John Mulcahy. Mchoro wa nguvu ya sauti kwa kila masafa ulionyesha kilima cha desibeli 11 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye hezi 43. Sofa ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma, yaani mahali ambapo shinikizo la wimbi hilo ni kubwa kuliko popote, kwa hiyo niliisogeza mbele mita moja kabla ya kugusa kichujio chochote, yaani mpangilio wa kupunguza au kuongeza sauti kwenye masafa fulani. Kilima kilishuka desibeli 3.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ningependa kumwepusha nalo mtu mwingine. Robo ya urefu wa chumba ndipo wimbi la pili, la hezi 86, linapojifuta lenyewe, na mchoro mpya ulikuwa na shimo refu mahali hapo. Nililijaza kwa kuongeza desibeli 9, jambo linaloidai amplifaya nguvu karibu mara 8, na shimo halikujaa, kwa sababu kila ninachoongeza huongeza pia wimbi linalorudi kukifuta. Amplifaya ilianza kukwaruza kwa sauti ambayo zamani iliibeba bila shida. Dawa ilikuwa kurudisha sofa nyuma sentimita 30.

Kilima, tofauti na shimo, hukubali kukatwa. Niliweka kichujio kimoja katika Equalizer APO, programu ya kompyuta ya kurekebisha sauti, kwenye hezi 43, chembamba, kinachopunguza desibeli 8, na kilichonifurahisha zaidi ya mchoro kunyooka ni kwamba mvumo wenyewe ulifupika: mlio wa chumba na kichujio kinachoukabili huwa kama vioo viwili vinavyotazamana, hivyo kichujio kikilingana nao kwa masafa na kwa upana, hupunguza kiasi cha sauti pamoja na muda wake wa kudumu. Nilipima sehemu tano kuzunguka kichwa cha msikilizaji na kutumia wastani wake, kwani kichujio kilichotengenezwa kwa nukta moja huweza kumwumiza anayeketi pembeni.

Juu ya hezi 200 hivi sirekebishi chochote, hata kama programu inajitolea kunyoosha kila kitu hadi hezi 20,000. Katika chumba cha mita za ujazo 40 kama changu, huko juu miangwi ni mingi na imechanganyika. Sikio hutenganisha sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika na ile inayorudi kutoka ukutani, lakini maikrofoni huzijumlisha zote, na kuirekebisha jumla hiyo ni kuiharibu spika iliyotengenezwa vizuri. Kwa huko nimetandika zulia zito juu ya vigae na kuning'iniza mapazia mazito dirishani.