Pesa Itangulie Maji

Ofisi nyingi zinazoshughulikia misaada ya Somalia ziko hapa Nairobi, na utabiri wa mvua za vuli wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha Afrika Mashariki, hutoka mapema, kwa kawaida Agosti. Muda wa kujiandaa kwa mafuriko upo. Kinachokwama ni saini ya kutoa pesa, na mwenye saini ya mwisho huwa likizoni.

Mto Shabelle hupata maji yake nyanda za juu za Ethiopia, kwa hiyo Beledweyne, mji wa Somalia ulio kando yake, unaweza kufurika bila tone kunyesha pale. Fuatilia kina cha mto upande wa juu, achana na mawingu. Kina cha mto cha kuachilia fedha kikubaliwe kwa maandishi kabla ya msimu. Ukingoja kikao, barabara zimeshakatika.

Kazi kubwa iko kwenye kingo. Wakulima huzikata wakati wa kiangazi wapate maji ya kumwagilia, na pengo lisilozibwa ndilo hupitisha mafuriko. Viroba vijazwe mchanga zaidi ya nusu kidogo tu: vikijaa pomoni havilaliani, maji hupenya katikati. Vipangwe kama matofali, kiungo kisikae juu ya kiungo.

Pesa za simu kwa walio hatarini zitumwe mtandao ukiwa hai. Kuhusu vizuizi vya wenye silaha, wazee wa pande zote waombwe njia kabla lori halijapakiwa. Lori lililojaa huvutia ushuru.