Stima ikipotea katikati ya apt

apt ndiyo amri ya kusakinisha na kusasisha programu kwenye Linux kama Debian na Ubuntu. Kwa bando za kupimiwa hapa Mombasa, tenganisha kushusha na kusakinisha. `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade -d` (-d ni kushusha tu): faili zinakaa /var/cache/apt/archives zikingoja. Mtandao ukikatika rudia amri ileile. Zilizokwisha kushuka hazishushwi tena.

Balaa ni stima kupotea dpkg, inayomsakinishia apt, ikiwa kazini. Vifurushi vya programu hubaki vimefunguliwa lakini havijasanidiwa. Ikirudi, `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`.

Ukiambiwa lock-frontend (faili ya kufuli ya dpkg) imeshikwa, usiifute hata kama mtandaoni wamekushauri hivyo! Mara nyingi ni unattended-upgrades, inayosasisha yenyewe, iko chinichini. Subiri dakika chache. Na `apt clean`, inayofuta faili zilizoshushwa, iwe baada ya kusakinisha, la sivyo bando lako limekwenda na maji.